Mwongozo kamili: Kuikwepesha kulanti isipite kwenye throto bodi ili hewa iingie injini ikiwa na joto dogo

Wanaofanya kazi hii ikawashinda hurudi na malalamiko matatu yale yale. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imepanda na haishuki. Gari ambalo halikuwa na tatizo limeanza kuchemsha. Au kila kitu kimefungwa vizuri, halafu kipimo cha joto la hewa hakijasogea hata nyuzi moja. La kwanza na la tatu huanza kabla spana haijaguswa, kwa hiyo humu tutakaa zaidi kwenye kupima na kutambua hozi, na kwenye kufungua na kufunga tutapita upesi.

Kazi yenyewe ni hii: throto bodi, yaani lile tundu la alumini lenye kipepeo kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kwenye injini nyingi za petroli lina njia ndogo ndani ya chuma chake inayopitisha kulanti ya moto, yaani maji ya kupozea injini. Hozi moja nyembamba inaleta, nyingine inarudisha. Tunazitoa zote mbili na kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe. Kulanti inaendelea kuzunguka, ila haipiti tena kwenye throto bodi.

## Vifaa

Kusanya vyote kwanza. Ukifungua hozi ndipo ugundue kiungio hakiingii, kulanti itakuwa inamwagika huku wewe unatafuta.

- Kiungio cha shaba nyeupe, chuma kisichoshika kutu au alumini, chenye mikunjo kwenye ncha zote mbili ili hozi isichomoke. Kipenyo kilingane na cha ndani ya hozi. Nyingi ni milimita 8, lakini pima yako. Plastiki ya kuunganishia maji ya bustani haifai, italainika.
- Hozi mpya ya kulanti, kipande cha nusu mita, kama njia ya kiungio haitawezekana. Iwe imetengenezwa kwa ajili ya kulanti. Hozi ya petroli hufanana nayo kwa nje, lakini mpira wake si wa kazi hii.
- Klipu za kubana, nne, za ukubwa sahihi. Zile za springi zilizokuja na gari zinaweza kutumika tena kama hazijalegea.
- Vifuniko viwili vya mpira vya kuzibia vipua vya throto bodi (mirija mifupi inayochomekewa hozi) vitakavyobaki wazi.
- Kulanti ya aina ile ile iliyomo kwenye gari, kama lita mbili, tayari imechanganywa na maji yaliyochujwa madini.
- Plaizi, bisibisi, beseni safi, vitambaa, glavu na miwani ya kukinga macho.
- Skana ya kuchomeka kwenye tundu la OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari), inayoonyesha namba za sensa papo hapo. Hii ndiyo watu huiruka, na bila hiyo kazi yote inakuwa ya kubahatisha.

Kulanti ya kawaida ina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ina ladha tamu. Mbwa, paka na watoto huvutiwa nayo. Beseni lisiachwe wazi hata dakika moja, na kilichomwagika kisuuzwe.

## Utegemee nini, na usitegemee nini

Watengenezaji waliiweka kulanti pale ili kuzuia barafu. Hewa inapopenya kwa kasi kwenye mwanya mwembamba wa kipepeo, joto lake hushuka. Ikiwa ina unyevu mwingi na nje kuna baridi, barafu hujijenga pembeni mwa kipepeo hata kama joto la nje liko juu kidogo ya sifuri. Kipepeo kikiganda hakifungi sawasawa au hakifunguki. Kama unaishi au unasafiri penye baridi ya namna hiyo, acha hozi zako zilivyo.

Penye joto, chuma kile kinachopashwa na kulanti ya nyuzi 85 hadi 100 hakina kazi ya maana. Hoja ya kuiondoa ni kwamba hewa ya baridi ni nzito zaidi: kila ikishuka nyuzi 3 hivi, uzito wa hewa inayoingia kwenye silinda huongezeka kwa takribani asilimia 1. Isitoshe, kompyuta ya injini ikiona hewa ya moto sana hurudisha nyuma taimingi ya cheche ili injini isigonge, na hapo nguvu hupungua zaidi.

Sasa sikiliza upande wa pili, ambao wauzaji wa vifaa vya kukwepesha hawausemi kwa sauti. Injini ya lita 2 ikiwa imesimama kwenye sailensa huvuta kama gramu 3 za hewa kwa sekunde. Ikikanyagwa hadi mizunguko 6,000 huvuta gramu 100 au zaidi. Chuma ni kile kile na joto lake ni lile lile, lakini hewa ni mara thelathini na zaidi, na inapita bila kupata muda wa kupata moto. Kwa hiyo faida iko kwenye foleni, mwendo wa polepole, na dakika za kwanza baada ya kuwasha gari lililoegeshwa likiwa la moto. Pedali ikiwa chini kabisa, tofauti ni ndogo mno kuihisi. Anayekuahidi nguvu za farasi kumi kwa kiungio kimoja anakuuzia hewa kweli kweli.

## Injini zisizofaa kuguswa

Simama hapa ikiwa gari lako ni mojawapo ya haya.

Lina vali ya nta inayosimamia sailensa. Baadhi ya injini za miaka ya 1980 na 1990 zina kikopo kidogo chini au pembeni ya throto bodi, ndani yake kuna nta inayovimba ikipata joto la kulanti. Injini ikiwa ya baridi, nta imesinyaa na hewa ya ziada inapita, sailensa inakuwa juu. Ikipata joto, nta inavimba na kufunga njia. Mazda MX-5 za kizazi cha kwanza na Honda nyingi za miaka hiyo zina kitu hiki. Ukiikatia kulanti, nta haijui kamwe kwamba injini imeshapata moto. Hiki ndicho chanzo cha lile lalamiko la kwanza, na dawa yake si kurekebisha skrubu ya sailensa. Ni kurudisha hozi.

Hozi ile ndiyo njia ya kutolea mvuke. Kwenye injini za General Motors za familia ya LS, kwa mfano, bomba linalotoa mvuke na hewa kutoka kwenye silinda hedi lilipitishwa kwenye throto bodi kabla ya kurudi kwenye rejeta. Kuunganisha moja kwa moja kunawezekana. Kuziba hakuwezekani: hewa itakwama juu ya hedi na sehemu hiyo itaungua bila geji kukuonya mapema.

Bado liko kwenye dhamana ya mtengenezaji, au liko mahali ambapo sheria za moshi zinakataza kubadilisha mfumo wa kuingiza hewa. Hilo amua mwenyewe kabla, si siku ya ukaguzi.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kufungua chochote

Tafuta kwanza sensa ya joto la hewa iko wapi. Kwenye magari mengi ya kisasa imo ndani ya sensa ya kupima wingi wa hewa, karibu na ea klina, yaani *kabla* ya throto bodi. Ikiwa hivyo, namba kwenye skana haitabadilika hata ukifanya kazi safi namna gani, kwa sababu hewa inapimwa kabla haijafika kwenye chuma cha moto. Hili ndilo jibu la lalamiko la tatu. Ikiwa sensa imechomekwa kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), baada ya throto bodi, basi utaona tofauti.

Andika namba tatu: joto la nje, joto la hewa inayoingia, na joto la kulanti. Ziandike mara mbili. Mara ya kwanza gari likiwa linatembea kwa mwendo mmoja usiobadilika, injini imeshapata moto kabisa. Mara ya pili baada ya kusimama kwenye sailensa dakika kumi. Namba ya maana ni *tofauti* kati ya joto la hewa inayoingia na joto la nje. Ukilinganisha asubuhi na mchana bila kutoa joto la nje utajidanganya.

Kama sensa yako iko kabla, pima chuma chenyewe cha throto bodi kwa kipimajoto cha kugusisha. Ukitumia kile cha miale, bandika kwanza kipande cha utepe mweusi na upime juu yake. Alumini inayong'aa huakisi joto la vitu vya jirani na kukupa namba ya uongo.

Dalili ya kufanikiwa: una karatasi yenye namba na saa. Ukiona hewa iko nyuzi 20 au zaidi juu ya joto la nje hata gari likitembea, throto bodi si mshukiwa wako wa kwanza. Angalia bomba la kuvutia hewa lililochomoka, kifuniko cha ea klina kisichofunga, au ngao ya joto iliyotolewa na haikurudishwa. Rekebisha hayo, pima tena. Mara nyingi kazi huishia hapo.

## Hatua ya 2: Zitambue hozi, kisha uzitambue tena

Injini ikiwa ya baridi, fuata kwa mkono kila hozi nyembamba inayogusa throto bodi hadi mwisho wake. Unazotafuta ni mbili, zina ukubwa unaolingana, zinaingia kwenye vipua vya chuma cha throto bodi, na upande wa pili zinaishia kwenye mfumo wa maji: karibu na nyumba ya themostati, bomba la hita, pampu ya maji au tangi la akiba.

Pale pale kuna nyingine zinazofanana nazo:

- Hozi ya mvuke wa oili kutoka kwenye kifuniko cha vali. Huwa laini na ina harufu ya oili.
- Hozi ya mvuke wa petroli, yenye vali ndogo ya umeme njiani.
- Hozi nene ya kuvutia hewa kutoka kwenye buster ya breki. Ukiikosea hii, breki zitakuwa ngumu kama kukanyaga ukuta.
- Hozi za kulanti za tabo, za kupoza oili, au za kupoza moshi unaorudishwa. Hizi haziguswi kwa sababu yoyote. Tabo isiyopata kulanti hupika oili kwenye beringi zake na kufa.

Jaribio ni rahisi. Washa injini ya baridi na uguse zile mbili unazoshuku kila baada ya dakika. Hozi za kulanti zitapata joto pamoja na injini, taratibu. Za hewa zitabaki karibu na joto la mazingira. Kaa mbali na mkanda na feni unapofanya hivi, na usisubiri hadi zikuunguze.

Ukiona hozi inapita kwenye kikopo kingine kwanza kabla ya throto bodi, au ukiona ya tatu usiyojua kazi yake, fungua kitabu cha ufundi cha injini hiyo. Usikisie.

Dalili ya kufanikiwa: unaweza kuchora kwenye karatasi kulanti inatoka wapi, inapita wapi, inarudi wapi. Piga picha kadhaa kabla ya kufungua.

## Hatua ya 3: Acha ipoe, kisha punguza kulanti

Mfumo wa kupoza umefungwa kwa shinikizo ili kulanti isichemke ikifika nyuzi 100. Ukifungua mfuniko ikiwa ya moto, shinikizo linaondoka na maji yanageuka mvuke papo hapo, usoni kwako. Acha gari lilale usiku kucha. Hozi ya juu ya rejeta ikiwa bado ina uvuguvugu, bado.

Fungua mfuniko, kisha toa kama lita moja kupitia koki ya chini ya rejeta, ndani ya beseni safi. Lengo ni kushusha usawa uwe chini ya throto bodi. Funika jenereta kwa nailoni na kitambaa. Kwenye injini nyingi iko chini ya njia ya maji yatakayodondoka.

## Hatua ya 4: Chomoa hozi

Sogeza klipu nyuma kwa plaizi. Zungusha hozi kushoto na kulia mpaka ikubali, ndipo uivute. Hozi ya zamani hugandia kwenye alumini, na kuichokonoa kwa bisibisi huacha mikwaruzo kwenye kipua ambayo itavuja siku ukitaka kurudisha. Ikigoma kabisa na una mpya mkononi, ichane kwa urefu kwa kisu bila kukandamiza hadi kwenye chuma.

Hapa kuna kipimo ambacho wengi hawakifanyi. Puliza hewa kwenye kipua kimoja cha throto bodi: kulanti iliyobaki itoke kwenye kipua cha pili tu. Ukiona unyevu ukichuruzika ndani ya tundu la kipepeo, gasketi ya ndani imekufa na injini ilikuwa inakunywa kulanti. Basi umepata jibu la maji yaliyokuwa yanapungua bila kuonekana yanakovujia.

Ziba vipua vyote viwili kwa vifuniko vya mpira ili uchafu usiingie.

## Hatua ya 5: Unganisha, usizibe

Ncha za hozi mbili zikikutana bila kuvutana, ingiza kiungio katikati. Kiloweshe kwa kulanti kidogo, si kwa grisi. Kila ncha ipite mikunjo yote ya kiungio, na klipu ikae nyuma ya mkunjo, milimita chache kutoka mwisho wa hozi. Klipu ya skrubu ikazwe hadi mpira uanze kuvimba pembeni yake. Ukizidisha, bati litakata hozi.

Ncha zisipokutana, usizilazimishe. Toa hozi zote mbili na weka moja mpya kutoka chanzo hadi marejeo. Zile za asili zihifadhi zikiwa nzima, usizikate, kwa sababu ndizo zitakazokurudisha ulikotoka.

Njia ya hozi iangalie kwa makini kuliko kitu kingine kwenye hatua hii. Ikikunjika, mtiririko umekatika na ni sawa na kuziba. Ikae mbali na mkanda, ekzosi na mkono wa kipepeo. Kanyaga mafuta mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, mtu mwingine akiangalia kama kuna kinachogusana.

Kuhusu kuziba: wapo wanaochomeka boliti kwenye kila hozi na kuendelea na safari. Kwenye baadhi ya injini haitaleta shida; kwenye nyingine ile ndiyo njia pekee ya hewa kutoka juu ya injini. Kiungio kinachukua muda ule ule, kwa hiyo sioni sababu ya kucheza kamari.

## Hatua ya 6: Jaza na utoe hewa

Lalamiko la pili, la gari kuchemsha, hutokea hapa. Umefungua mfumo, hewa imeingia, na hewa haibebi joto kama maji. Ikikwama kwenye hedi inaweza kuchoma gasketi.

Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo ya mkia. Weka hita kwenye moto wa mwisho ili kulanti izunguke na huko. Kama injini ina skrubu ya kutolea hewa, ilegeze. Jaza polepole; kulanti itokee kwenye skrubu bila mapovu, kisha kaza.

Kwa mfumo wenye mfuniko juu ya rejeta, washa injini mfuniko ukiwa wazi na uongeze kulanti kadiri inavyoshuka. Minya hozi ya juu kwa glavu mara kwa mara. Hozi hiyo ikipata moto ghafla, themostati imefunguka, na mapovu makubwa huja wakati huo. Mfumo wenye tangi la shinikizo fuata utaratibu wa kitabu chake, kwani baadhi ya mifumo hiyo haitakiwi kuwashwa ikiwa wazi. Kwa vyovyote, geji ikipanda kupita kawaida, zima mara moja.

Dalili ya kufanikiwa: feni imewaka na kuzima mara mbili, mapovu yamekoma, hita inatoa hewa ya moto isiyokatika, sindano ya joto iko pale inapokaa siku zote. Acha ipoe kabisa na uangalie usawa tena. Karibu kila mara utaongeza kidogo.

## Hatua ya 7: Endesha na upime tena

Zunguka karibu kwanza, usiende safari ndefu. Rudi, fungua boneti, papasa chini ya kila klipu kwa kitambaa cheupe kikavu. Doa lolote la rangi ni uvujaji.

Kisha rudia vipimo vya hatua ya 1, barabara ile ile, mwendo ule ule. Chuma cha throto bodi kinapaswa kuwa na joto la chini kuliko mwanzo, ingawa hakitakuwa cha baridi, maana kimefungwa kwenye manifoldi inayopokea joto la hedi. Hewa kwenye manifoldi ikishuka nyuzi chache kwenye foleni, umefanikiwa. Isiposhuka na sensa iko baada ya throto bodi, amini namba.

## Ikileta shida

Sailensa iko juu na injini ina moto: kuna vali ya nta, au kuna hozi ya hewa uliyoichomoa bila kujua. Linganisha na picha zako.

Sailensa inapanda na kushuka: mara nyingi ni hewa inayovuja. Angalia hozi za jirani ulizozisogeza.

Geji inapanda ukisimama, inashuka ukitembea: hewa bado imo. Rudia hatua ya 6 kabla ya kulaumu themostati.

Hita inatoa hewa ya baridi: kulanti imepungua au hewa imekwama kwenye hita yenyewe.

Injini inasita au inazima asubuhi ya baridi yenye ukungu: ni barafu kwenye kipepeo. Rudisha hozi za asili kwenye vipua vyake kwa utaratibu huu huu, ukianzia hatua ya 3, na utoe hewa upya. Kiungio weka kwenye boksi la vifaa hadi msimu wa baridi uishe.